Kikapu cha Jumanne

Nairobi,
9 Mei 1977

Kwa Bi. Bonareri Ogeto,
Mpimaji wa watoto, Zahanati ya Kambi Saba, Kericho

Bi. Bonareri,

Hunijui. Jina langu ni Kipkosgei, kwetu ni Merigi, na kazi yangu hapa Nairobi ni hesabu. Karatasi za uzito wa watoto wa Kambi Saba, kuanzia Januari 1975, zimefika mezani kwangu. Ni safi kuliko za kambi zote tulizoletewa. Hazina majina ya watoto, zina nambari tu, ila chini ya kila ukurasa kuna jina lako na la karani Gichana. Nimeona nikuandikie wewe unayewashika.

Unaijua kadi mnayoitumia sasa. Mtoto akiwa chini ya ule mstari mwekundu anapewa maziwa ya unga, akiwa juu yake anarudishwa nyumbani. Mstari huo ulichorwa kwa watoto wa ng'ambo. Tumeambiwa tuchore mwingine, wa watoto wa huku kwenye chai.

Mkubwa wangu, Mzee Otiende, anapenda kuchukua mstari uliokwisha kupindwa vizuri na kuulaza juu ya watoto wote. Mimi nimeomba kujaribu njia nyingine. Nachukua umri mmoja, tuseme miezi minane. Nawaita watoto wa miezi minane pamoja na majirani zao wa miezi saba na tisa. Nawapanga kutoka mwepesi hadi mzito. Wakiwa mia moja, namtafuta yule wa kumi kutoka upande wa wepesi na kutia nukta kwenye uzito wake. Kisha nasogea mwezi mmoja mbele, naanza upya. Nukta zikiungana, huo ndio mstari. Mimi siuambii uende wapi, watoto ndio wanaouambia. Mzee Otiende anasema hesabu isiyo na umbo ni kama nyumba isiyo na nguzo. Amenipa hadi mwisho wa Juni.

Swali langu ni dogo. Mtoto nambari 214 alipimwa kila mwezi bila kukosa, halafu akaishia miezi kumi na moja, Machi mwaka jana. Amehama? Nataka kujua kama nimwache au nimfute.

Wako,
Kipkosgei


Kambi Saba,
18 Mei 1977

Bwana Kipkosgei,

Salamu zako zimefika, na mvua imefika nazo. Majani yanaota haraka kuliko mikono.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba, kwa hiyo barua yako niliisoma mara tatu. Nimeielewa kwa njia ya chai. Tunapochuma tunalaza fito juu ya miti ili meza ya chai, yaani uso wa juu wa majani, ikae sawa, tusichume chini sana wala kuacha juu. Mgeni anadhani fito hiyo inapaswa kulala kama sakafu. Hapana. Shamba letu ni mlima, fito inafuata miti iliyo karibu nayo, na meza inapanda na kushuka na mlima. Ukilazimisha isawazike kama sakafu, huku utakata mti mpaka kwenye mbao na kule utaacha majani yakomae. Nadhani wewe unafuata mlima na Mzee wako anataka sakafu. Kama nimekosea, unirekebishe.

Umeniuliza 214. Amehama. Usimfute.

Wengine nawakumbuka wote. 187 alikuwa akiikamata kamba ya mizani hataki kuiachia. 203 alikuwa na kidoti nyuma ya sikio. Sijui kama hayo yanakufaa.

Bonareri Ogeto, mpimaji


Nairobi,
27 Mei 1977

Bi. Bonareri,

Habari ya fito nimemsomea Mzee Otiende. Akasema, "Huyo mama angekaa kiti chako." Sikujua kama anakusifu wewe au ananitukana mimi.

Nimeuchora mstari wa Kambi Saba, na kuna jambo linaloninyima utulivu. Unapanda vizuri tangu kuzaliwa. Kisha hapo kwenye miezi kumi na miwili unaanguka, kisha unaanza kupanda tena kutoka chini. Sio mstari wa watoto wepesi peke yake. Wa kati unaanguka, wa wazito pia unaanguka, yote pamoja, zaidi ya kilo moja. Ni bonde.

Nilidhani nimekosea kujumlisha. Nimerudia siku mbili. Nikiwaita majirani wengi, miezi minne huku na minne kule, mstari unalainika na bonde linakaribia kupotea. Nikiwaita wachache unatetemeka kama mkono wa mgonjwa, lakini bonde linazidi kuwa kali. Mzee Otiende anasema nichukue wengi, nilainishe, nimalize. Anasema mstari mzuri hauna bonde.

Mimi nadhani bonde ni la kweli. Nadhani akina mama wa Kambi Saba wanawaachisha watoto ziwa wakifika mwaka mmoja, na watoto wanakonda. Nimeanza kuandika ripoti, kwamba chakula cha kuachishia ziwa ndicho tatizo na akina mama wafundishwe. Nithibitishie tu.

Na 214, tafadhali uliza alikohamia. Kama ni kambi ya jirani wangeweza kuendelea kumpima huko. Watoto waliopimwa bila kukosa hata mwezi mmoja ni wachache sana.

Wako,
Kipkosgei


Kambi Saba,
2 Juni 1977

Bwana Kipkosgei,

Ripoti hiyo ngoja usiimalize.

Hapa hakuna mtoto anayeachishwa ziwa kwa kalenda. Nimewauliza kwenye mistari ya chai, wakichuma. Chepkosgei amesema yeye alimwachisha wa kwanza kwa miezi saba kwa sababu ya mimba na wa mwisho kwa miaka miwili na nusu kwa sababu ya uvivu. Mwingine akadakia, "Mwambie huyo wa Nairobi aje anyonye mwenyewe, tutampima kabla na baada." Walicheka hadi mnyapara akaja kuuliza kuna nini. Nakuandikia ili ujue walivyosema. Lakini ni kweli wanaachisha kila mmoja kwa wakati wake, na bonde lako umesema linaanguka mahali pamoja, kwa wepesi na wazito.

Kuna kitu kingine kinachotokea siku mtoto anapotimiza mwaka. Tangu juzi nakitafuta. Nimejaribu kukumbuka Jumanne yetu, jinsi inavyoanza. Tunafungua mlango, Gichana anatoa daftari, mimi natundika mizani kwenye boriti. Ni ile ile mizani ya zamani ya majani. Mama anamvua mtoto nguo. Nafika hapo, na akili yangu inakataa kuendelea, kama punda aliyeona kitu njiani. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Ogeto mume wangu ameniuliza natafuta nini, nikamwambia sindano.

Alikohamia 214 hakuna mizani.

Bonareri Ogeto


Kambi Saba,
8 Juni 1977

Bwana Kipkosgei,

Sikungoja jibu lako. Ni kikapu.

Nitaeleza pole pole. Watoto wa chini ya mwaka hawawezi kuning'inia, kwa hiyo tunawalaza ndani ya kikapu cha kuchumia, na blanketi chini, na kikapu ndicho kinachotundikwa. Mtoto akitimiza mwaka tunamvika suruali ya turubai yenye kamba, ambayo haina uzito wa kusema. Hilo ndilo linalotokea siku ya mwaka mmoja. Anatoka kwenye kikapu.

Jana alikuja Priscah na Chepngeno wake, miezi tisa. Nilisoma kilo saba nukta saba. Gichana akaandika saba nukta saba. Mstari wa kadi ni sita nukta nane kwa umri huo, kwa hiyo Priscah akaambiwa mtoto yuko sawa, hakuna maziwa. Akamfunga mgongoni akaenda. Nikamtazama yule mtoto shingo, Bwana Kipkosgei. Shingo haikuwa ya kilo saba nukta saba.

Nikakitundika kikapu kitupu na blanketi lake. Mshale ukasimama kwenye moja na nusu.

Nikamwuliza, "Karani, wewe huwa unatoa kikapu?"

Akasema, "Kikapu kipi? Si unatoa wewe ukisoma?"

Nilichuma chai miaka sita kabla ya kuja zahanati. Kwenye kupima majani, mchumaji hajipunguzii kikapu chake. Karani ndiye anayekitoa, kimoyomoyo, akiandika, na sisi ndio tunaomlalamikia kwamba ametoa kikubwa. Kwa hiyo mimi nilisoma mshale ulivyo, kama mchumaji, nikijua karani atatoa. Naye alidhani kwa sababu ninasoma mimi, natoa mimi. Miaka miwili na miezi mitano hakuna aliyekitoa. Kila mtoto wa chini ya mwaka ametembea kwenye daftari lako na kilo moja na nusu ya mianzi na blanketi.

Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni na walisikia. Chepkosgei akapiga makofi: "Haiya! Miaka yote Gichana alitukata kikapu kwenye majani, siku ya watoto ndiyo akawa mkarimu!" Wengine walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mmoja alianza kuhesabu wake.

Nilikimbia. Nilimfikia Priscah karibu na daraja la mbao. Nikamwambia, "Rudi, mama, nimekosea." Akasema, "Umekosea nini, mtoto si mzima?" Tukarudi. Sita nukta mbili. Alipewa maziwa jana hiyo hiyo.

Sasa nambari 214. Nilikuambia amehama. Ni binti yangu. Anaitwa Nyanchoka. Alipimwa bila kukosa kwa sababu mama yake ndiye mpimaji. Kikapu kile pia ni changu, nilikileta mwenyewe nilipoacha kuchuma, kwa sababu kingo zake zimelainika na hazikwaruzi. Alikipenda. Alikuwa akinusa ukingo na kupiga chafya, nafikiri harufu ya majani mabichi haikuwa imetoka. Tarehe 2 Machi mwaka jana nilisoma kilo saba nukta nane. Mstari ni saba nukta mbili. Nilifurahi, Bwana Kipkosgei. Nilimbusu utosini mbele ya watu. Baada ya siku kumi surua ikaingia kambini, na haikumkuta na nguvu.

Saba nukta nane, toa moja na nusu. Hesabu hiyo naiweza.

Sijamwambia Ogeto. Nakuomba jambo moja. Ukishatoa kikapu kwa wote, mpange na majirani zake wa umri, kisha uniambie alikuwa wa ngapi. Usinifiche.

Bonareri


Kambi Saba,
9 Juni 1977

KWA OFISI YA HESABU, NAIROBI

Bwana,

Mimi Gichana nimekuwa karani wa majani miaka kumi na miwili na sijawahi kusahau kikapu hata siku moja, kambi nzima ni mashahidi. Nilipohamishiwa zahanati niliambiwa na wakubwa, "Andika unachosomewa, usijifanye daktari." Niliandika nilichosomewa. Naomba jambo hilo liingizwe kwenye rekodi.

Pia naomba liingizwe kwamba siku zote nilimwona mtoto wa mpimaji ni mdogo kuliko nambari yake, na nilinyamaza kwa heshima ya mama yake, maana alikuwa anafurahi.

Sina la kuongeza.

E. Gichana, karani


Nairobi,
14 Juni 1977

Bi. Bonareri,

Barua yako na ya Bwana Gichana zilifika siku moja. Nilizisoma nimesimama. Kisha nilitoka nikatembea hadi mtoni na kurudi, nikazisoma tena.

Kwanza, nisamehe kwa neno "nimfute". Nisamehe pia kwa "wangeweza kuendelea kumpima huko". Mimi pia nilikuwa nasoma mshale tu.

Nimetoa moja na nusu kwa kila mtoto wa chini ya mwaka. Bonde limefutika. Mstari unapanda kwa upole, bila mimi kuulainisha. Nilimpelekea Mzee Otiende mistari miwili, wa kwanza na wa pili, pamoja na barua yako. Alivua miwani. Alisema kama angeulaza mstari wake mzuri juu ya karatasi zenu, kikapu kingefunikwa, na kingekaa pale hadi yeye astaafu. Ripoti niliyoianza kuhusu akina mama na ziwa ameichana mwenyewe, akanipa vipande. Amesema niviweke kwenye droo nivione kila asubuhi.

Kuna kambi nyingine sita zinazotumia mizani ya majani. Tumeziandikia zote zitundike kikapu kitupu.

Umeniomba jambo. Siku tatu nimelikwepa, nikapanga karatasi ambazo zilikwisha kupangwa. Lakini ulisema nisikufiche. Kati ya watoto hamsini na wanane wa miezi kumi hadi kumi na miwili, kikapu kikishatolewa, 214 ni wa nne kutoka upande wa wepesi. Yuko chini ya mstari wa kadi ya zamani. Yuko chini ya mstari mpya pia.

Ungeniuliza kama maziwa yangemwokoa, ningekujibu kwamba sijui. Watoto watatu walikuwa wepesi kuliko yeye. Wawili wao bado wanapimwa hadi leo, na kati yao mmoja tu ndiye aliyekuwa akipewa maziwa. Hesabu yangu inajua mtoto yuko wapi kati ya wenzake. Zaidi ya hapo haijui kitu, na mimi sitaisingizia.

Niambie kama unataka nimwondoe kwenye mstari. Nitafanya utakavyo.

Wako kwa heshima,
Kipkosgei


Kambi Saba,
22 Juni 1977

Bwana Kipkosgei,

Wa nne. Nililisoma neno hilo nikiwa nimesimama kwenye mstari wa chai nikingoja mvua ipungue, nikalikunja nikaliweka. Nilidhani litakuwa zito kuliko lilivyo. Mwaka mzima alikuwa peke yake. Sasa najua kulikuwa na watatu mbele yake na wengine wote nyuma.

Ogeto nimemwambia. Alikuwa ametoka kiwandani, nywele zimejaa vumbi la chai. Akavua kiatu kimoja, akakishika. Akasema, "Wewe ulisoma, Gichana akaandika, na mimi ndiye niliyewaambia asanteni." Kisha akaniuliza kikapu kiko wapi. Nikadhani anataka kukichoma. Alikiona zahanati asubuhi iliyofuata, akakifunga upya mpini uliokuwa umelegea, akaenda zamu. Hatujalizungumza tena, lakini sasa anakaa upande wangu wa meza.

Watoto tisa wa chini ya mwaka waliokuwa "sawa" wameshuka chini ya mstari. Wote wanapata maziwa. Chepngeno wa Priscah ameongeza gramu mia tatu, na mama yake anamtembeza kambini kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho. Gichana ameandika kwa chokaa kwenye boriti, juu ya mizani, KIKAPU 1.5, herufi kubwa hadi zinasomeka kutoka barabarani. Akina mama wanamtania, naye anajibu, "Chekeni, lakini mtoto wako namtoa kikapu." Jumanne iliyopita nilimkuta mapema amekitundika kitupu, anakitazama.

Usimwondoe. Wewe mwenyewe uliandika kwamba mstari hauchorwi ila kwa kuwaita majirani. Kuna mtoto wa miezi kumi na moja mahali fulani, Sigowet au Kedowa, ambaye kesho atawekwa kwenye mizani na mtu atatazama kadi yako. Nyanchoka awe mmoja wa wanaomwambia. Ila asimwambie uongo. Daftari la hapa nimelifungua ukurasa wake, nikapiga mstari juu ya saba nukta nane kwa kalamu yangu mwenyewe, nikaandika sita nukta tatu, nikatia sahihi pembeni. Gichana akatia yake. Nakuomba ufanye hivyo hivyo kwenye karatasi yako, usiishie kuitoa moja na nusu kwa mashine ya hesabu tu.

Jambo la mwisho, halafu nakuacha na kazi yako. Tangu barua ya kwanza umeniita Bi. Bonareri. Ni sawa, ndivyo karatasi ilivyokuambia. Lakini huku mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na mimi waliacha kuniita hivyo tangu Machi mwaka jana, kwa kunihurumia. Wakifika kwenye jina wanameza mate na kusema "mpimaji". Jana Priscah alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilikuwa nimeshamnyoshea mikono mtoto, mawazo yangu kwenye barua hii, na kikapu bado kiko chini. Akanitazama, akanizuia kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wote:

"Mama Nyanchoka, kikapu kwanza."

Nikakitundika. Moja na nusu. Tukaanza.

Mama Nyanchoka